Kutoka Mapipa ya Baruti hadi "Hi Guys"

Fungua YouTube jioni yoyote. Awe dada wa Mwanza anayefundisha kusuka, awe kijana wa Nairobi anayechambua simu mpya, salamu yake utaijua kabla hajafumbua kinywa: "Hi guys, karibuni tena kwenye chaneli yangu!" Kiswahili kinafuata nyuma, lakini hilo "guys" lazima litangulie.

Sasa niwaulize, wanangu: hao "guys" ni akina nani? Najua mtakavyonijibu. Wa Dar watasema ni washkaji, wa Nairobi watasema ni wasee, na wale wapole watasema ni sisi sote tunaotazama. Wote mmepata. Ila zamani "guys" hawakuwepo. Alikuwepo Guy mmoja, mtu mwenye baba na mama yake, mrefu, mwenye mwili wa nguvu na ndevu zilizojaa, na usiku mmoja wa Novemba alikutwa chini ya Bunge la Uingereza akilinda mapipa 36 ya baruti. Sogeeni niwasimulie.

Jina lake kamili ni Guy Fawkes. La kwanza litamkeni "gai", la pili "foksi". Alizaliwa York, mji wa kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1570. Alipokuwa na miaka minane baba yake alifariki, na baadaye mama yake akaolewa na mtu wa familia ya Kikatoliki. Hilo la Ukatoliki msilipite haraka, maana ndiko moto wote ulikoanzia. Enzi hizo Uingereza ilikuwa imeachana na Papa wa Roma, na kanisa la nchi lilikuwa chini ya malkia. Mkatoliki aliyekataa kwenda kusali katika kanisa hilo alitozwa faini, na faini zikifuatana zilimfilisi. Padri akikamatwa aliweza kunyongwa. Matajiri wa Kikatoliki walijenga vijichumba vya siri nyuma ya kuta za nyumba zao, pa kumficha padri mmoja aliyejikunyata, askari wakipita wakigonga mbao kusikiliza palipo na uwazi.

Kijana Guy aliuza urithi wa baba yake, akavuka bahari na kujiunga na jeshi la Hispania, nchi ya Kikatoliki, lililokuwa likipigana Flanders, upande wa Ubelgiji ya leo. Huko alikaa miaka kama kumi. Alijifunza kazi ya baruti: jinsi ya kuihifadhi isipate unyevu, kiasi gani kinaangusha ukuta, utambi wa urefu gani unampa mtu nafasi ya kukimbia. Huko huko akaanza kujiita Guido, kwa namna ya Kiitaliano.

Mwaka 1603 Malkia Elizabeth alikufa bila mtoto, na James, mfalme wa Scotland, akarithi kiti cha Uingereza. Wakatoliki walitarajia afueni, maana mama wa James alikuwa Mkatoliki. Afueni haikudumu. Ndipo akatokea bwana mmoja aitwaye Robert Catesby, tajiri, mcheshi, mtu ambaye akizungumza watu husogeza viti. Mei 1604 aliwaita wenzake wanne katika nyumba ya wageni jijini London, Guy akiwa mmoja wao. Wakaapa kutunza siri. Mpango wenyewe ulikuwa huu: siku ya kufungua Bunge, mfalme, malodi na maaskofu wote hukaa chini ya dari moja. Walipuliwe hapo hapo.

Mtashangaa waliingiaje. Msifikirie mageti na mashine za kukagua mabegi. Westminster, eneo lilipo Bunge, wakati ule ilikuwa na vilabu vya pombe, nyumba za kupanga na maghala ya wafanyabiashara yaliyobanana na kuta za Bunge. Mmoja wa wala njama, Thomas Percy, alikodi ghala la chini, na juu ya dari ya ghala hilo ndipo kilipokuwa chumba cha Baraza la Malodi. Alikodi tu, kama mtu anavyokodi stoo ya kuwekea mkaa. Mapipa yakaletwa kidogo kidogo, yakafunikwa kwa kuni. Bunge likaahirishwa kwa sababu ya tauni, likaahirishwa tena, mwisho ikapangwa tarehe 5 Novemba 1605. Wala njama nao walikuwa wameongezeka hadi 13, na siri ya watu 13, jamani, hiyo si siri tena.

Siku kumi kabla, lodi mmoja aitwaye Monteagle alikuwa anakula chakula cha jioni akaletewa barua isiyo na jina. Ilimshauri atafute udhuru asiende Bungeni, kwa kuwa Bunge litapata pigo kubwa na hawatamwona aliyewapiga. Wengi wanamshuku shemeji yake, Francis Tresham, aliyekuwa mmoja wa wala njama. Monteagle hakuichana barua. Aliipeleka kwa waziri mkubwa wa mfalme.

Tarehe 4 Novemba watu wa mfalme wakakagua ghala. Walimkuta mtumishi kasimama kando ya chungu kubwa ya kuni. Za nani? Za bwana wangu, Percy. Wakaondoka. Lakini huyo Percy ana nyumba hapa? Anakaa lini? Na kuni zote hizo za nini? Usiku wa manane wakarudi, wakiongozwa na Sir Thomas Knyvet. Yule "mtumishi" safari hii alikuwa amevaa joho, kofia, na buti zenye vyuma vya kumchochea farasi. Nani anavaa buti za safari saa sita usiku ndani ya stoo? Wakampekua, wakamkuta na utambi. Wakaondoa kuni, wakaona mapipa.

Wakamuuliza jina. Akasema, "John Johnson."

Mnaona mambo ya dunia? Jina ambalo leo linatamkwa na mamilioni ya watu kila siku, mwenyewe alilificha alipoulizwa! Alishikilia huo u-John Johnson wake kwa siku mbili hivi, hadi walipomtesa katika ngome ya London akasema la kweli. Ziko karatasi mbili zenye sahihi yake katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza. Moja, iliyotiwa siku kadhaa baadaye, ina herufi thabiti. Nyingine, iliyotiwa mara tu baada ya mateso, ni mkwaruzo hafifu unaosomeka kwa shida: Guido. Nimeona picha za hizo sahihi, na sikuhitaji mtu anieleze alichofanyiwa.

Catesby alikimbilia mashambani na wenzake. Baruti yao ikalowa mvua, wakaianika mbele ya moto ili ikauke. Ndiyo, baruti mbele ya moto. Cheche ikaruka, ikawaunguza. Kesho yake askari wakawazingira na Catesby akapigwa risasi akafa. Fawkes na waliobaki walihukumiwa, na tarehe 31 Januari 1606 akapandishwa ngazi ya kunyongewa, mbele ya Bunge lile lile. Alianguka kutoka juu, akavunjika shingo.

Sikusimulii haya ili umpende. Mtu aliyetaka kulipua mamia ya watu, wakiwemo makarani na walinzi wasio na kosa, si steringi wa filamu yoyote. Wala Wakatoliki wa kawaida hawakufaidika na njama ile, kwani sheria dhidi yao zilikazwa zaidi. Ila angalieni jambo moja la ajabu. Kiongozi alikuwa Catesby, lakini anayekumbukwa ni aliyekamatwa na utambi mfukoni. Catesby angekuwa ndiye aliyekutwa ghalani, huenda leo tungekaribishwa kwenye chaneli kwa "Hi Roberts".

Usiku wa ile tarehe 5 Novemba 1605, habari ziliposambaa, watu wa London waliwasha mioto mitaani kushukuru kwamba mfalme yu hai. Mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria: kila tarehe 5 Novemba ni siku ya shukrani. Sheria hiyo ilidumu hadi 1859, lakini mioto haikungoja sheria wala haikuzimika ilipofutwa. Kwanza watu walichoma sanamu za Papa. Polepole, hasa karne ya 18 ilipoelekea mwisho, sanamu ikawa ya Guy Fawkes mwenyewe, na ikaitwa kwa jina lake: "the guy".

Hapa ndipo watoto walipoingia, na watoto wakishika neno, mmeona wenyewe, haliwezi kubaki lilivyokuwa. Watoto wa Uingereza walikuwa wakianza kazi wiki kadhaa kabla ya siku. Wanatafuta suruali kuukuu ya baba, wanafunga miguu yake kwa kamba, wanaishindilia majani makavu au magazeti yaliyokunjwakunjwa. Koti lisilo na vifungo linakuwa kiwiliwili. Gunia dogo linakuwa kichwa, linachorwa macho, linavishwa kinyago na kofia iliyopinda. Mkono mmoja mnene, mwingine umelegea, shingo hakuna. Wanampakia kwenye toroli au kigari cha mtoto mchanga, wanamkokota hadi njia panda na kuwaomba wapita njia peni moja ya Guy. Hela zinanunua fataki, na usiku wa tarehe 5 sanamu inawekwa juu ya kuni na kuchomwa. Nasikia siku hizi watoto wenye toroli wamepungua sana, ila mioto na fataki bado zipo. Shule ya St Peter's ya York haina desturi ya kuchoma sanamu hiyo, maana Guy Fawkes alisoma pale, na mtu hamchomi mwanafunzi wa zamani wa shule yake.

Basi fikiria unapita mtaani Uingereza mnamo miaka ya 1830, umevaa koti lisilokuenea na kofia ya kuazima. Mtu anakuangalia juu hadi chini, anacheka: "Tazama, guy!" Maana yake: umefanana na ile sanamu ya matambara. Kiswahili nacho kina hiyo tabia ya kulichukua jina la mtu na kuwagawia wengine. Jirani mkatili tunamwita Firauni, ingawa hajawahi kuiona Misri. Mjanja wa mtaa tunamwita Abunuwasi, na wengi hawajui kwamba Abu Nuwas alikuwa mshairi wa kweli wa Baghdad, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Tofauti ni kwamba Firauni amebaki tusi hadi leo. Guy yeye alisafishwa.

Aliyemsafisha ni Mmarekani. Walowezi wa Kiingereza walikwenda Marekani na sherehe yao ya Novemba. Boston walikuwa wakichoma sanamu ya Papa kwa vishindo hasa. Kisha vita vya uhuru vikaanza, na Novemba 1775 George Washington akawakataza askari wake sherehe hiyo, kwa kuwa alihitaji urafiki wa Wakatoliki wa Kanada. Baada ya uhuru nani angesherehekea kuokoka kwa mfalme wa Uingereza? Sherehe ikafifia. Kwa hiyo neno "guy" lilipofika masikioni mwa Wamarekani wa karne ya 19, hawakuwa na toroli wala sanamu kichwani mwao. Hivyo ndivyo ninavyoelewa mimi: neno lilivuka bahari, aibu yake ikabaki ng'ambo. Kufikia katikati ya karne hiyo, Marekani, "guy" alikuwa mwanamume yeyote. Jamaa tu. Huku Uingereza kwa muda mrefu bado ukimwita mtu hivyo ulikuwa unamcheka.

Tukija kwenye matumizi ya leo, "a guy" kwa umoja ni jamaa, mshkaji, mwanamume usiyetaka kumwita kwa cheo. "That guy" ni yule jamaa. "A nice guy" ni jamaa mwema. Katika filamu "the bad guys" ni wale tunaowaita maadui, wanaopigwa na steringi dakika za mwisho. "A wise guy" si mtu mwenye hekima, msije mkamwandikia mwalimu hivyo mkidhani mnamsifu. Ni mjuaji, mwenye majibu ya kejeli. Na "the fall guy" ni bangusilo, anayebebeshwa kosa la wengine. Hapo angalau Fawkes mwenyewe anachungulia kidogo, akiwa peke yake ghalani huku wenzake wameshapanda farasi. Mkiona "guy" kwenye maelezo ya kufunga hema, hiyo ni kamba ya kukazia, neno jingine kabisa, halina undugu na mtu wetu.

Lakini "guys" za YouTube zimetoka wapi? Hapa Kiingereza kilijichimbia shimo chenyewe. Sisi tukisema "unakuja?" tunamwuliza mmoja, tukisema "mnakuja?" tunawauliza wengi, na herufi moja imemaliza kazi. Kiingereza cha zamani nacho kilitofautisha: "thou" kwa mmoja, "you" kwa wengi. Kisha watu wakaanza kumwambia mkubwa mmoja "you" kwa heshima, heshima ikaenea hadi kwa muuza samaki, na "thou" ikafa, ikabaki kwenye sala na mashairi. Sasa "you" moja inabeba wote. Ukiingia chumbani walimo watu watano ukasema "Are you coming?", watano watatazamana: nani? Basi kila eneo la Marekani likaziba shimo kivyake. Kusini wakasema "y'all". Pittsburgh wakasema "yinz". Sehemu nyingi za kaskazini na magharibi wakasema "you guys", yaani "nyie". Mhudumu wa mgahawa wa Chicago anaweza kuikuta meza yenye bibi wa miaka themanini, mwanawe na wajukuu, akauliza "How are you guys doing?", na bibi akajibu kwa tabasamu. Hajaitwa jamaa wala mwanamume. Ameulizwa hamjambo.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1950 mchezo wa muziki wa Guys and Dolls ulipoanza kuonyeshwa Broadway, New York, kila mtu alielewa jina lake: "guys" ni wanaume, "dolls" ni wanawake. Leo wasichana kumi wa timu ya netiboli wanaitana "guys" uwanjani bila kuona kioja. Wapo wanaokerwa, hasa wanawake maofisini wanaosema kuwa neno la kiume haliwezi kuwajumuisha wote, na ndiyo sababu baadhi ya mabosi husema "folks" au "everyone". Mimi naona wana hoja, ingawa sidhani watashinda. Neno lililopita kwenye pipa la baruti, kwenye mti wa kunyongea na kwenye kuni za moto halitazuiwa na tangazo la ofisini.

Na ile sura ya kinyago cheupe, masharubu yamepinda juu na kitabasamu cha dharau, mliyoiona kwenye picha za waandamanaji duniani, ni yeye pia. Ilichorwa na David Lloyd kwa ajili ya hadithi ya katuni ya V for Vendetta, iliyoandikwa na Alan Moore na kuanza kutoka mwaka 1982, kisha filamu yake ikaisambaza. Anayeivaa mara nyingi hajui habari za York wala za Catesby.

Basi ninyi neno hili "guy" mlitumieje? Kwenye Kiingereza cha maongezi, na wenzenu, litumieni mtakavyo. Barua ya kuomba kazi au nafasi ya masomo msilitie. Mbele ya mwalimu mkuu, hasa wa huku kwetu, "good morning, sir" bado ina kazi yake, na ukiingia kwa babu na bibi ukasema "hi guys" badala ya shikamoo, Guy Fawkes hatakuja kukutetea. Kumbukeni pia kwamba wingi na umoja havijasafiri pamoja. Mwalimu wenu wa Kiingereza kwenye mtandao akiwaambia wasichana watatu "you guys", msimjibu kwamba hapa hakuna mvulana. Lakini akisema "ask that guy", angalieni upande walikokaa wavulana.